Muulize Bwana Shamba: Majani yangu yamepata moto bandani

SWALI: Assalam alaykum bwana shamba. Mie nipo Konde, n'na ng'ombe watatu wa maziwa, mwaka huu nkasema kiangazi kisinikute mikono mitupu, nkakata majani mwezi wa saba nkayaanika siku mbili nkafunga marobota nkayatia bandani na juu nkafunika nailoni. Sasa banda linanuka uvundo, nikitia mkono kati ya marobota joto tupu. Kwani moto huo unatoka wapi? Na niwape ivo ivo au vipi?
Mfugaji, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Kabla hujasoma mbele nenda kayatoe, lakini chukua mtu wa pili na ndoo za maji ziwe karibu, maana majani yaliyopata moto sana yakikutana na upepo yanaweza kuwaka kweli, si maneno ya kutishana.

Moto unatoka kwenye maji yaliyobaki ndani ya kijiti. Majani ukiyaona makavu kwa juu, ndani ya mafundo bado, na pale ukungu na bakteria wanafanya kazi yao na kazi hiyo inatoa joto. Robota linataka maji yasizidi kama asilimia 15, ukipita 20 umejitafutia balaa. Sasa we mtu wa Pemba nikufundishe mie kuanika? Karafuu zikirundikwa mbichi zinavyopata moto zikapauka unajua, na majani ndo yale yale. Siku mbili za Januari na jua la kaskazi pengine zinatosha, siku mbili za Julai huko kwenu na mawingu na manyunyu hazitoshi hata kidogo, geuza geuza mpaka kijiti ukikisokota kivunjike na ukikwaruza fundo kwa ukucha usione unyevu. Ukitaka uhakika katakata majani kidogo tia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, tikisa dakika chache, chumvi ikigandana bado mabichi. (Chumvi yenyewe ikaange kwanza, chumvi za visiwani huloa zenyewe usije ukayasingizia majani.)

Nailoni toa. Inazuia jasho lisitoke. Hata bati tupu usiku hutoa jasho likadondoka, kwa hiyo acha nafasi juu na upepo upite, chini panga mbao au palleti, na ukutani usiegemeze. Wiki za mwanzo chomeka nondo katikati ya marobota kama robo saa, ukiitoa huwezi kuishika, pangua.

Yenye ukungu usiwape, hasa mwenye mimba, anaweza kuharibu, na vumbi lake hata wewe linakukaba kifua. Tia kwenye migomba.

Jengine hukuuliza lakini ndo kubwa kuliko yote: wengi wetu tunasubiri masika yaishe ndo tukate, wakati huo majani yashazeeka yametoa mbegu, unaweka akiba ya vijiti. Mie naona bora ufyeke mwezi wa tano uwape mabichi, yanayochipua tena ndo uyakate yakianza kutoa maua tu. Na majani ya tembo usihangaike kuyakausha, shina lake nene, hayo ya kuvundika, yaani kuyashindilia mabichi pasipo hewa.

SWALI: Bwana shamba, hapa Cheju tukishavuna mpunga mabua tunayachoma, naambiwa ukitia mbolea ya urea ng'ombe anakula. Si sumu hiyo?
Bibi Mkulima, Unguja

JIBU: Bi mkubwa, ni sumu ukikosea, na usichome tena tafadhali! Mabua kilo 100, urea kilo 4 ikorogwe kwenye maji lita 50 mpaka 60 iyeyuke yote, nyunyiza tabaka kwa tabaka, shindilia, funika nailoni isipenye hewa (hapa nailoni ndo mahala pake) siku 21. Ukifunua yaache yapigwe upepo kwanza harufu kali ipungue, halafu anza kuwapa kidogo kidogo. Ndama wa chini ya miezi sita usimpe, na punda wa gari usimpe. Ndoo yenye maji ya urea usiiache pakawa na ng'ombe, akiyanywa utamkosa.

SWALI: Nataka kuuza majani makavu, niuze kwa mzigo au kwa kilo?
Kijana wa Donge

JIBU: Kilo, kaka. Mzigo kila mtu na mkono wake. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala kitako, urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45, tandaza kamba, shindilia kwa miguu, funga, robota linatoka kama kilo 20 ila pima usikisie. Ukipanga bei kumbuka kilo 100 za mabichi zinakuachia kama 25 tu kavu, na ng'ombe wa kilo 300 anataka 7 au 8 kwa siku, mwambie mteja hesabu hiyo ataelewa. Usiyamalize yote mapema, Februari watu wanahangaika, na Mfunguo Tatu ikikaribia wauza mbuzi na ng'ombe wa kuchinja wananunua bila kubishana sana. Mteja akitaka kufungua robota moja aangalie ndani mwache afungue.