Kwa wanaoanza kazi ya maji, umeme na bahari katika Mediterania

Mtakapoajiriwa mtagawanywa: huyu maji, yule nishati, mwingine hifadhi ya bahari. Fanyeni kazi mliyopangiwa, lakini tangu wiki ya kwanza ombeni kusoma mafaili ya idara jirani, kwa sababu katika ukanda huu uamuzi wa idara moja hulipiwa na nyingine.

Tuangalie mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, ambayo Hispania, Algeria na Israeli zinaitegemea sana. Mita moja ya ujazo ya maji matamu hula uniti 3 hadi 4 za umeme, na kinachobaki ni maji yenye chumvi takriban maradufu ya ile ya bahari, mazito, yanayozama na kutambaa sakafuni hadi kwenye nyasi bahari za Posidonia, ambazo ni makulia ya samaki na hudhoofika chumvi ikizidi hata kidogo. Huko Jávea, Hispania, maji hayo huzimuliwa kwanza kwa maji ya bahari kabla ya kumwagwa. Nyasi hupata nafuu, ila pampu zinazofanya kazi hiyo nazo zinataka umeme. Kwa hiyo ukiletewa makadirio ya mtambo yasiyoonyesha bomba la kutolea maji litaishia wapi, yarudishe.

Mwaka 2021 Jordan, Israeli na Umoja wa Falme za Kiarabu zilitia saini tamko la nia: Jordan iipe Israeli megawati 600 za umeme wa jua, nayo ipokee kutoka Israeli mita za ujazo milioni 200 za maji yaliyoondolewa chumvi kwa mwaka. Kihandisi, mpango ulikuwa sahihi kabisa. Novemba 2023, vita vya Gaza vikiendelea, Jordan ilitangaza kwamba haitasaini makubaliano yenyewe, na sioni serikali gani ingekubali wakati ule bomba la wananchi wake lishikwe na jirani wa namna hiyo.

Ndiyo maana nauthamini zaidi Mkataba wa Barcelona wa 1976 wa kulinda Mediterania dhidi ya uchafuzi, unaozikutanisha nchi 21 na Umoja wa Ulaya, zikiwemo zenye uhasama kama Lebanon na Syria kwa Israeli, au Uturuki kwa Cyprus. Wanachama hao walipeleka ombi la pamoja kwa Shirika la Kimataifa la Bahari, na tangu Mei 1, 2025 meli zinazopita Mediterania haziruhusiwi mafuta yenye salfa zaidi ya asilimia 0.1, kutoka 0.5 ya awali. Anzeni kwa kusoma jinsi ombi hilo lilivyoandaliwa, hasa hesabu za gharama kwa nchi za kusini, kabla hamjapewa rasimu yenu ya kwanza.