Bampa inayobanduka rangi

Pole ndugu. Rangi uliyopiga kwenye bampa ya gari mwezi uliopita ikibanduka kama ganda la kitunguu, tatizo liko chini yake. Igeuze bampa utazame nyuma: ukiona herufi PP, hiyo ni polipropilini, plastiki isiyoshika rangi bila praima (rangi ya msingi) maalumu ya plastiki. Bandua yote iliyolegea. Osha kwa sabuni na maji ya moto, futa mafuta, ndipo upige msasa. Wengi huanza na msasa (hata mimi zamani), wakaishia kusugulia grisi ndani ya mikwaruzo. Msasa wa namba 400 hadi 600 unatosha. Usiiloweshe bampa kwa thina kali (kiyeyusha rangi), plastiki huifyonza. Palipo tupu pulizia praima hiyo tabaka jembamba, kisha fuata muda ulioandikwa kwenye kopo.