Usichapishe kopi elfu moja: kwa dada mwenye visa 43

Dada, usitume hiyo dipoziti ya kuchapa kitabu chako Ijumaa. Hata nusu yake usitume.

Nimesoma swali lako mara mbili. Una visa 43 vya maisha yako ulivyoviandika mtandaoni kwa miaka minne, vimepangwa vikawa kitabu cha kurasa 208 saizi ya A5, na mtu wa uchapaji wa River Road, Nairobi, amekupa bei mbili: shilingi 480 kwa kopi ukichapa 50, shilingi 210 kwa kopi ukichapa 1,000. Umeuliza mambo manne: ISBN, yaani nambari ya kutambulisha kitabu, kama ubadilishe majina ya majirani, picha gani ikae kwenye jalada, na kama uchape elfu moja. Hilo la elfu moja ndilo litakalokuumiza, kwa hivyo nitakaa hapo. Mimi nilishawishiwa kwa hesabu hiyo hiyo na maboksi bado ninayo.

Hiyo 210 inakuwa bei ya kopi siku utakapouza ya mwisho kati ya hizo elfu. Kabla ya siku hiyo, chukua pesa zote ulizotoa ugawanye kwa kopi zilizouzwa. Elfu moja kwa 210 ni shilingi 210,000. Tuseme unauza 700 kila kopi na wamenunua watu 120, ambao ni wengi kwa mwandishi asiyejulikana. Umeingiza 84,000. Uko chini kwa 126,000, na kila kopi iliyouzwa imekugharimu 1,750. Sasa chapa kopi za hao hao 120 kwa mafungu, 50, halafu 50, halafu 20, kwa ile bei uliyoambiwa ni ghali ya 480. Umetoa 57,600, umeingiza zile zile 84,000, na umebaki na 26,400 mfukoni. Bei ghali imekuacha na faida, bei rahisi imekuacha na hasara na kopi 880.

Na hizo kopi zina uzito. Kurasa 208 ni karatasi 104. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ikikatwa A5, ina uzito wa karibu gramu mbili na nusu, kwa hivyo matumbo ya kitabu ni kama gramu 259, na jalada la kadi ya gramu 250 linaongeza 16. Kopi moja ni gramu 275. Elfu moja ni kilo 275, kushinda magunia matatu ya mahindi. Ni maboksi 25 ya kopi 40 kila moja, na kila boksi kilo 11. Utayaweka wapi kwenye nyumba ya kupanga? Yakikaa sakafuni msimu wa mvua za Machi hadi Mei, karatasi inanyonya unyevu, kurasa zinafanya mawimbi, na jalada lililopakwa nailoni upande mmoja linajikunja kuelekea nje kwa sababu upande wa ndani umevimba na ule wa nailoni haujavimba. Kopi ya namna hiyo huwezi kumuuzia mtu 700.

Huyo mtu wa River Road, kuna uwezekano mkubwa kwamba hana mashine. Wengi wao ni madalali: wanachukua faili yako kwenye flashi, wanaizungusha kwa wenye mashine hadi Industrial Area, na wanakula kilicho kati. Kwa kopi 50 kinachobaki ni kidogo, kwa elfu moja anapata kitu. Ndiyo maana anakuambia "vitabu haviozi" na "mwandishi anayejiamini huanzia elfu". Maneno hayo yananikera hadi leo, kwa sababu yanamshika mtu pale pale panapouma. Mtu aliyeandika habari za mamake na umaskini wa nyumbani kwao anataka kuamini kwamba watu elfu moja watazishika mikononi. Anayetumia hamu hiyo kumuuzia karatasi anafanya ubaya. Mwambie akupeleke uione mashine inayochapa. Akianza visingizio, umeshajua.

Alichokuambia kwamba ofseti, yaani uchapaji wa kutumia pleti, ni nafuu ukizidisha idadi ni kweli, ila hakukueleza kwa nini. Kwenye ofseti karatasi moja kubwa hubeba kurasa zako 16, nane kila upande, na kila upande una pleti yake, bamba la alumini lenye sura ya kurasa hizo. Kurasa 208 ni karatasi kubwa 13, yaani pleti 26, na jalada la rangi lina zake nne. Jumla pleti 30, ambazo unazilipia uchape kopi moja au elfu kumi. Ndiyo maana 50 haziendi ofseti kamwe. Zinachapwa kwa mashine ya dijitali, isiyohitaji pleti, ambayo kopi ya kwanza na ya hamsini zina gharama moja. Kwa hiyo anayekuambia kopi 50 "haziwezekani" anazungumzia mashine asiyofaa kukupeleka.

Sasa fikiria kosa. Visa vya maisha vina makosa ambayo mhariri hawezi kuyaona, maana ukweli wake uko kwa watu. Shangazi atakuambia mlihama mwaka 1998, wala si 1996. Mtu ataona jina la marehemu mumewe limeandikwa kwa herufi moja pungufu kwenye tabaruku, na hilo litamuuma kuliko unavyodhani. Mambo haya hayajitokezi mtu akisoma kisa kimoja kwenye simu ndani ya matatu. Hujitokeza kitabu kikishafika nyumbani, kikikaa mezani, kikasomwa na wale waliomo ndani yake. Wasomaji wako 50 wa kwanza ndio wahariri wako wa mwisho. Ukiwa na dijitali unarekebisha faili usiku, fungu la pili linatoka safi. Ukiwa na ofseti, kosa la herufi moja likigunduliwa kabla ya kubandika mgongo kwa gundi ni pleti mpya pamoja na kurudia karatasi zote zenye zile kurasa 16, mara elfu moja. Likigunduliwa baada ya kubandika na kukata, hakuna la kufanya isipokuwa kubandika kikaratasi cha masahihisho, kopi moja moja, kwa mkono.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na naomba uishike hata ukisahau mengine yote: idadi ya kuchapa ni waliokwisha kulipa, ongeza kumi. Usihesabu wanaokufuata, wala walioandika "mimi nataka yangu na saini". Hesabu ujumbe wa M-Pesa. Unasema watu 3,000 husoma visa vyako kila wiki. Wanavisoma bure, na wengi wa hao wameshavisoma vyote 43. Watakaotoa 700 kupata tena walichokisoma ni kundi dogo, wengi wao ni jamaa, wafanyakazi wenzako na watu wa kanisani. Waandikie leo, wape wiki tatu walipe. Wakilipa 38, chapa 48. Dukani nako usitegemee sana: duka hubaki na sehemu kubwa ya bei, mara nyingi theluthi au zaidi, na hukulipa baada ya kuuza.

Kabla ya hizo 48, lipia moja. Moja tu, kwa karatasi ile ile, jalada lile lile na gundi ile ile. Usikubali kuonyeshwa "mfano wa kazi yetu" wa mtu mwingine. Ukiipata, ipeleke kwa mama mboga mwenye mizani ya kidijitali uipime. Ikiwa karibu gramu 275, karatasi ni ya gramu 80 kama mlivyokubaliana. Ikisoma 242, umepewa ya 70. Ikisoma 210, ni ya 60, na maandishi ya ukurasa wa nyuma yataonekana mbele. Kisha ifungue katikati uibonyeze iwe bapa juu ya meza. Ushike ukurasa mmoja karibu na mgongo, uuvute kwa nguvu za kawaida. Ukichomoka, mgongo haukukwaruzwa vizuri kabla ya gundi, au gundi haikuwa na moto wa kutosha. Na kitabu kikikataa kulala wazi, kikijifunga chenyewe kama mtego, nyuzi za karatasi zimelala kukatisha mgongo badala ya kwenda sambamba nao. Hilo halirekebishwi, ni kuchapa upya. Pima pia ukingo wa ndani: usipungue milimita 18, la sivyo msomaji atakuwa anachungulia maneno mgongoni. Umbo la faili liwe PDF yenye fonti ndani yake. Ukimpa ya Word, mashine yao ikikosa fonti yako kurasa 208 zinaweza kuwa 214, na nambari za kurasa kwenye orodha ya yaliyomo zote zinakosea.

Ukiridhika, tia saini na tarehe kwenye jalada la ndani la hiyo kopi moja, mwenye mashine naye atie, uiweke. Siku ya kuchukua mzigo, linganisha.

ISBN omba mwenyewe kwa KNLS, shirika la maktaba za taifa la Kenya, kwa jina lako kama mchapishaji. Dalali akiiomba kwa jina lake, yeye ndiye atakayekuwa mchapishaji kwenye rekodi. Za Kenya huanza na 978-9966 au 978-9914. Na asikudanganye kwamba kila fungu linahitaji mpya: ukirekebisha makosa ya herufi na kuchapa tena, nambari inabaki ile ile.

Ijumaa nenda, usikwepe. Beba flashi, rula, na pesa za kopi moja.