Hesabu za viumbe wa mbali

Mbeya

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama viumbe wa sayari nyingine, ikiwa wapo, wangekuwa na hisabati hii hii yetu.

Kuhesabu kwa makumi kusikusumbue. Sisi tumefuata vidole, Wamaya walikwenda kwa ishirini, Wababeli kwa sitini, ndiyo maana saa ina dakika 60. Hiyo ni namna ya kuandika tu.

Mimi naangalia mahali pa kuanzia. Wazee wetu walianza na vinavyohesabika: mbuzi, mikungu ya ndizi, siku. Sasa mfikirie kiumbe wa bahari iliyo chini ya barafu, kama ile inayoaminika kuwepo Europa, mwezi wa Mshtarii. Haoni nyota, hashiki jiwe. Anachokijua ni mkondo, joto na mgandamizo, mambo yasiyo na moja wala mbili. Huyo, nadhani, angefika mapema kwenye hesabu za mabadiliko (kalkulasi), ambazo sisi tuliwasubiri wanahisabati Newton na Leibniz hadi karne ya 17. Kuhesabu moja, mbili, tatu kungemjia baadaye, tena kwa mshangao.

Jiometri nayo (hapa nisamehe, kazi yangu ya upimaji ardhi inaniita). Shuleni ulifundishwa kuwa pembe za pembetatu hujumlisha digrii 180. Kwenye uso wa dunia huzidi, takriban sekunde moja ya pembe (digrii moja ina sekunde 3,600) kwa kila kilomita za mraba 200 za eneo la pembetatu. Kiwanja cha Uyole hakikuonyeshi kitu. Lakini pima kutoka mlima Loleza hadi Rungwe hadi vilele vya Kitulo kwa theodolaiti nzuri, chombo chetu cha kupimia pembe, utakuta sekunde mbili tatu za ziada. Wakazi wa kijisayari kidogo wangeliona hilo hata kwenye mashamba yao, na jiometri yetu ya bapa wangeiita ndoto. Sisi tulikaa na Euclid, Mgiriki aliyeiandika jiometri hiyo ya bapa, zaidi ya miaka 2,000 kabla wanahisabati Lobachevsky na Bolyai hawajathubutu kuchapisha jiometri inayokataa sharti lake la mistari sambamba, ile isiyokutana kamwe.

Je, tungeelewana? Mwaka 1974 ulirushwa ujumbe wa redio kwenda nyota za mbali kutoka Arecibo, Puerto Rico, wenye biti 1,679, yaani alama za sifuri au moja. Idadi hiyo ni 23 mara 73, zote namba tasa, ili mpokeaji ajue kuzipanga ziwe picha. Kwamba namba tasa zingegunduliwa huko pia, siku moja, sina shaka. Ila mstatili wa safu na mistari ni mazoea ya wenye macho na karatasi. Yule wa baharini angeweza kuijua 23 na 73 vizuri kabisa, asione kwa nini azipange hivyo.

Baba yako