Jibu: Watazamaji wanaingia onyesho likiwa limeshaanza

Salaam, kaka. Umesema kikundi chenu kinafungua msimu mpya wa maigizo hapo Mtwara mjini, na mwaka jana usiku wa kwanza nusu ya watu waliingia mchezo ukiwa katikati.

Kagua saa kwanza, kabla ya mabango. Sisi huku Mikindani tulianza saa moja na nusu, tukagongana na Isha. Tulipohamia saa mbili na nusu, watu wakafika wametulia. Tarehe nayo: minada ya korosho ikishaanza, Oktoba kwenda Novemba, mkulima akalipwa, tiketi inanunulika.

Lililotusaidia zaidi ni ngoma. Sindimba ilipigwa nje robo saa nzima; ikinyamaza, kila mtu anajua ni wakati wa kuingia. Inamwita hata aliyekuwa anapita kufuata mihogo ya kukaanga. Mlangoni alisimama mama mmoja mtu mzima wa mtaa ule, anasalimu watu kwa majina na kuwapeleka hadi kwenye viti. Wazee wakae mbele, tafadhali, msiwaache wamesimama.

Kibali kwa ofisa utamaduni kiombeni mapema. Tiketi za simu sijawahi kuuza, aliyezijaribu akuelekeze.