Jibu: ukiwa unasoma Ujerumani, utaweza kwenda kutembea Ufaransa na Uingereza?
Yakhe, Ufaransa unakwenda bila ya tabu. Ukishapata kibali cha ukaazi cha mwanafunzi hapo Ujerumani, nchi nyengine za Schengen (zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani baina yao) unaingia bila kuomba viza tena, Uholanzi, Hispania, popote, mradi usipitishe siku 90 ndani ya siku 180, lakini paspoti na kadi ya kibali uwe navyo mkononi maana polisi wanaweza kukukagua ndani ya treni hata kama mpaka wenyewe huuoni, na kitambulisho cha Mzanzibari huko hakikufikishi popote 😂 Uingereza sahau kwanza, haimo Schengen, viza yake mbali na pesa yake mbali, Ireland nayo vilevile. Na hiyo ruhusa ni ya kutembea tu, si ya kutafuta kibarua Paris.