Huhitaji kuacha jukwaa ili uongoze filamu: mtazame Bergman

Ndugu uliyeuliza kama mwongozaji wa tamthilia lazima aachane na jukwaa ndipo awe mtu wa filamu, jibu langu ni hapana. Mimi niliongoza jukwaani miaka mingi kabla ya kugusa filamu fupi, na aliyenifungua macho ni mwongozaji Ingmar Bergman wa Sweden.

Wengi wanamjua kwa filamu tu. Lakini mwaka 1944, hata miaka 30 hajafika, alikabidhiwa kuongoza ukumbi wa maonyesho wa Helsingborg, mji wa huko Sweden. Utamu wenyewe uko kwenye ukumbi wa mji mwingine, Malmö, 1952 hadi 1958. Majira ya baridi yuko ukumbini na waigizaji wake, kiangazi anawachukua walewale kwenda kupiga filamu. Max von Sydow, Bibi Andersson, Ingrid Thulin, wote aliwaongoza jukwaani pale. Kamera ikiwashwa, watu wameshajuana. Hata filamu yake The Seventh Seal ya 1957 ilitokana na tamthilia ya tendo moja aliyowaandikia wanafunzi wa uigizaji. Zoezi la wanafunzi, jamani!

Nami filamu yangu ya kwanza niliifanya na kundi langu la jukwaani. Kazi ngumu ilikuwa sauti na uso. Mwigizaji wa jukwaa amezoea kumfikia aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, ilhali kamera inaona hata kope ikitikisika. Ukimwambia "punguza", anapunguza na hisia pia. Mimi nilimsimamisha mwenzake kando ya lenzi, nikamwambia azungumze na huyo tu. Sauti ikashuka yenyewe.

Jukwaa pia ni kimbilio. Mwaka 1976 polisi walimchukua Bergman katikati ya mazoezi jijini Stockholm kwa tuhuma za kodi. Kesi ikafutwa, lakini aliumia sana, akahamia Munich, na huko akaendelea kuongoza tamthilia kwa miaka. Kisha ikaja filamu yake Fanny and Alexander ya 1982, kuhusu familia ya watu wa maonyesho, ikabeba Oscar 4.

Basi usilivunje kundi lako. Chukueni tukio moja la watu wawili kutoka tamthilia mliyokwisha kuicheza, mkalirekodi ndani ya chumba kimoja. Wa kumtafuta nje ni mpiga picha tu, na awe mtu atakayekubali kuja kukaa kwenye mazoezi kabla hajaleta kamera.